Daraja la Katani

Bwera, 2 Machi 2025

Kaka yangu Ainebyona,

Pokea salamu za nyumba yangu nzima, pamoja na za yule mbuzi aliyekula kofia yako Krismasi. Bado yu hai na hajatubu. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi yangu Kiconco na watoto wameamkaje huko Rukoki? Sisi tu wazima. Baba Ankunda bado yuko kiwandani Hima, huja mwisho wa mwezi akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Marehemu baba alituzoesha kuandika tukiwa shule za bweni, ili akitoka chini ya mgodi Kilembe awe na kitu cha kusoma, na mimi naona karatasi inatupa adabu kidogo. Kwa hiyo barua hii nimempa Muniru wa teksi.

Nina habari njema. Skauti wangu wamemaliza daraja. Mwanangu Ankunda ndiye aliyeongoza, akiwa na Shafik na Jamira, na wote watatu wanatafuta beji ya ujenzi wa kamba. Niliwafundisha mafundo tangu Oktoba, kisha nikanyamaza, maana sheria unaijua: mtu mzima anaelekeza kwa mdomo, mkono wake haugusi kazi. Mikono yangu haina adabu, kwa hiyo nilimwambia Jamira anifunge nyuma kwa kitenge. Nikasimama ukingoni mwa kijito cha Mabingo kama mwizi aliyekamatwa sokoni, na Shafik akamuuliza Jamira mbele ya watu, "Afande, mfungwa huyu anaruhusiwa kunywa maji?"

Miti ni mikalitusi, kamba ni katani, msumari hakuna hata mmoja. Watu wameshaanza kulipita kwenda soko la Mpondwe.

Mimi niliyefundisha siwezi kutahini, na mtahini wa wilaya ni wewe. Njoo uwapime. Ankunda anatimiza miaka kumi na minane mwanzoni mwa Julai, na baada ya hapo beji za vijana zimempita. Hii ndiyo moja iliyobaki. Amezishona nyingine zote kwenye mkono wa shati na ameacha nafasi.

Mdogo wako,
Ketura


Kasese, 17 Machi 2025

Mdogo wangu Ketura,

Nilifika salama, mgongo ukilalamika njia nzima. Kiconco anashukuru kwa ndizi na anasema mbuzi wako achinjwe. Je, kikohozi cha Ankunda kimepungua?

Sasa niseme kama mtahini. Katika miaka yangu ya kazi hii sijaona daraja la skauti lililofungwa vizuri kama lile. Niliruka juu yake na mwili wangu huu, likanyamaza. Nilimuuliza mwanao kwa nini alitumia fundo lile na si jingine, akanijibu, "Kwa sababu hili, mjomba, linafunguka hata likishabeba uzito." Jibu hilo sijawahi kulipata hata kwa viongozi wenye nywele nyeupe.

Lakini unajua kipengele cha mwisho cha beji. Ulichokijenga unakifungua mbele ya mtahini, kamba unazikunja, miti unairudisha, mahali panabaki kama ulivyopakuta. Watoto walikuwa tayari. Ankunda alishapiga goti kwenye fundo la kwanza. Ndipo akaja yule mama Tabisa na kikapu chake cha nyanya na wenzake nyuma yake.

"Munafungua juu ya nini? Daraja iko muzima!"

Mtoto akamwambia kwa heshima, "Mama, ni mtihani tu."

"Mutihani mupeleke shule. Siye tuko na soko."

Na wewe, Ketura, kiongozi wao, ulikwenda kusimama upande wa Tabisa. Nilikuona. Watoto wakakuangalia wewe, wakaniangalia mimi, kamba mkononi. Teksi ikapiga honi, nikaondoka.

Sikutia sahihi. Ofisini wameshaanza kusema Ainebyona anagawa beji kwa ukoo wake. Mtoto wa mtu mwingine ningeweza kumsamehe nusu kipengele. Huyu ni wa dada yangu, hivyo simsamehe hata uzi. Lifungueni, unijulishe, nitarudi siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Ainebyona


Bwera, 21 Machi 2025

Kaka,

Nakusalimu na nakuuliza hali kwa sababu mama alitulea hivyo, ingawa leo sina moyo wa kuuliza. Kikohozi kimekwisha. Huku tu wazima.

Unajua watu wa upande huu wameomba daraja kwa muda gani? Kila msimu wa kura anakuja mtu mwenye kofia mpya, anakitazama kijito kwa huzuni, anapigwa picha akiwa na huzuni hiyo, anaondoka. Mwaka jana mwanamume alimbeba mgongoni mkewe mja mzito kumvusha, wakaanguka wote wawili, na tulimshukuru Mungu kwamba maji yalichukua viatu tu. Sasa watoto watatu wamefanya kwa akili na kamba jambo lililowashinda wanaume wenye tai, na ofisi yenu inasema nini? Libomoeni, ili karatasi ipendeze.

Mnaniudhi nyie watu wa utaratibu. Mtoto akikaa bure mnasema vijana wamepotea. Akifanya kitu chenye faida mnamtaka akifute, kwa sababu kitabu kiliandikwa na mtu aliyepiga kambi kwenye nyasi zilizokatwa, mahali ambapo daraja la kweli lipo hatua chache pembeni.

Na ili ucheke, mwanangu yuko upande wako. Jana ananiambia, "Mama, lile ni daraja la mtihani. Miti ni mibichi. Ikikauka itapungua unene na kamba zitabaki zimelegea. Katani nayo ikilowa na kukauka, ikalowa na kukauka, inakufa kuanzia ndani. Kwa nje huoni kitu."

Nikamwambia, "Basi tutakuwa tunakaza."

"Nani? Mimi nikienda chuo, nani?"

"Umeanza lini kuwa mzee, Ankunda?"

Nimemkatalia. Daraja halifunguliwi. Wewe umekaa ofisini miaka mingi na ofisi hazikosi mlango wa nyuma. Utafute. Nataka beji ya mwanangu na nataka Tabisa avuke na nyanya zake.

Mdogo wako mwenye hasira,
Ketura


Kasese, 29 Machi 2025

Ketura mpendwa,

Amani kwako na kwa wote walio chini ya bati lako. Mimi sijambo, mgongo umepata dawa ya kuchua kutoka kwa wapagazi wa mlimani Nyakalengija, inanuka kama moshi wa kambi zao lakini inasaidia.

Nimeutafuta mlango na nimeupata. Skauti analazimika kufungua kitu kilicho chake. Daraja likiwa la serikali, si lake tena, na hawezi kulazimishwa kufungua mali ya serikali. Nimezungumza na mheshimiwa diwani wenu, Mackline. Amefurahi kupita kiasi. Atalipokea kwa niaba ya halmashauri, atalipaka rangi, atatuma fundi wake aliangalie, na mimi kwenye kipengele cha mwisho nitaandika kwamba limekabidhiwa. Watoto wote watatu watapata beji, Tabisa atavuka, na wewe utaacha kunitukana kwa mwandiko mzuri.

Kubali, Ketura. Ni mara chache kila mtu anapata alichotaka.

Kaka yako,
Ainebyona


Bwera, 14 Aprili 2025

Kaka Ainebyona,

Tumeamka salama, natumaini nanyi pia. Mpe Kiconco pole kwa msiba wa shangazi yake, nimesikia kwa Muniru.

Uzinduzi umefanyika. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na soda za moto. Diwani Mackline alikata utepe kwa mkasi wa fundi cherehani. Skauti wangu walipangwa mistari miwili, wakapiga saluti kwa daraja walilolijenga wenyewe, na mheshimiwa akasema, "Nimewaletea daraja." Nimewaletea! Shafik akaninong'oneza, "Afande, kwani sisi tulikuwa tunaota?" Kibao kimesimamishwa, kinasema mradi wa maendeleo. Jina la mtoto hata mmoja halimo. Na mimi nilipiga makofi, kaka, maana nilimwona Tabisa anavuka huku anacheka.

Shafik na Jamira wamepokea beji zao. Ankunda amekataa. Alisema, "Mjomba asinitilie sahihi. Kipengele cha mwisho sijakifanya." Nikamwambia limekabidhiwa. Akasema, "Kukabidhi si kufungua." Nilitaka kumzaba kibao.

Sasa sikiliza, maana hapa sitanii. Mvua zimeanza. Wale vijana wa diwani walipaka rangi kila kitu, mpaka kamba. Buluu na nyeupe, inang'aa, na chini ya rangi huwezi kuona fundo limelegea wala kamba imeoza. Ankunda alikwenda Jumatano kukaza. Wameweka mlinzi pale.

"Mutoto, usiguse. Hii iko ya serikali."

"Nataka kukaza tu, baba. Hizi kamba nilizifunga mimi."

"Kaza kwenu. Kwenu hamuna kamba?"

Nilikwenda mwenyewe kwa halmashauri. Wakaniambia nimsubiri injinia. Injinia yuko wapi? Kwenye warsha. Warsha inaisha lini? Wakacheka. Mwanangu amelala juu ya daraja lile kwa tumbo, mlinzi akiwa amekwenda kula, na anasema limeanza kuzungumza. Wewe ndiye uliyelipima. Njoo useme mbele yao kwamba kamba za katani si za kudumu. Neno lako wataliheshimu, langu ni la mama mwenye kelele.

Mdogo wako,
Ketura


Kasese, 22 Aprili 2025

Ketura,

Nakutakia afya. Pasaka tuliila kimya kwa sababu ya msiba.

Naomba utulie. Mheshimiwa amenipigia, hakufurahi kwamba ulikwenda kupaza sauti kwa halmashauri. Injinia atakuja. Kwa upande wangu, fikiri kidogo: mwezi uliopita nimeandika kwamba daraja ni imara, mwezi huu nije niseme ni bovu? Watauliza ni lini nilikuwa mlevi. Tena Machi lilikuwa imara kweli, niliruka mwenyewe.

Mwambie Ankunda asiende tena pale. Beji yake ipo, anachotakiwa ni kusema ndiyo.

Kaka yako,
Ainebyona


Bwera, 6 Mei 2025

Kaka,

Salamu ni fupi: mimi nina afya. Ankunda amerudi nyumbani jana baada ya siku mbili kituo cha polisi, na ana kesi ya kuharibu mali ya umma.

Nakueleza ilivyokuwa, maana najua huko Kasese utaelezwa na diwani. Jumamosi asubuhi mvua ilikatika. Ankunda akavaa sare yake yote, skafu, mkanda, soksi. Nilidhani anakwenda mkutano wa kundi. Alikwenda Mabingo. Mlinzi alikuwa hayupo, kwa sababu mlinzi analipwa kulinda daraja lisiguswe, halipwi kunyeshewa. Ankunda akaweka matawi ya miti pande zote mbili ili watu wasimame, akaanza kufungua. Mchana kweupe, watu wanamtazama. Shafik na Jamira wakaja mbio kumsaidia. Akawaambia, "Nyie mna beji zenu. Nendeni nyumbani." Jamira akalia. Akamwambia, "Lia ukitembea."

Hakukata kamba hata moja. Angetaka kuharibu angechukua panga, saa moja ingetosha. Alichonga kijiti cha kulegeza mafundo, akakivunja kwenye rangi iliyokauka, akachonga kingine. Fundo kwa fundo mpaka alasiri. Watu walikusanyika. Tabisa yule yule niliyesimama upande wake alimwita mchawi, akamwita mtoto wa wahamiaji waliokuja kula shaba ya Kilembe na sasa wanakula madaraja. Mtu akamtupia tope. Tope lilimpata hapa kwenye shingo, likakaukia pale.

Nilipofika nilimpigia kelele ashuke. Aliniinulia ncha ya kamba ya chini, ile iliyobeba mguu wa katikati. Rangi ya buluu nje. Ndani ilikuwa nyeusi, nikaisaga kwa vidole kama tumbaku. Nikakaa ukingoni, nikamwacha amalize.

Aliikunja kila kamba, ndefu na ndefu, fupi na fupi. Akaipanga miti juu, mbali na maji. Akaketi juu ya miti, akangoja. Walikuja diwani Mackline na afande.

"Nani amekutuma?"

"Kipengele cha mwisho, afande."

"Kipengele ni nani? Anakaa wapi?"

Mtu alicheka, afande akafikiri anachekwa yeye, ndipo wakamfunga pingu. Skauti wa sare kamili, na pingu.

Kaka, nakuomba, na unajua mimi si mwombaji. Andika ukweli mmoja tu. Andika kwamba mtihani wa Ankunda uliufungua wewe mwenyewe mwezi Machi, kwamba hukuufunga kwa sahihi, na kwamba kufungua daraja ni sehemu ya mtihani ule. Mwanasheria wa msaada anasema hilo linatosha: huyo ni mtoto aliyekuwa anamaliza kazi aliyopewa na watu wazima, si mharibifu. Kila kitu alichofanya ulimwagiza wewe. Ulikataa kumsamehe hata uzi, basi hakujisamehe.

Mdogo wako,
Ketura


Kasese, 12 Mei 2025

Mdogo wangu,

Ninaandika nikiwa na uzito. Natumaini mtoto amepumzika na shingo yake haina jeraha.

Barua yako ilifika siku moja baada ya watu wa halmashauri. Waliniomba maelezo, nikawapa. Niliandika kwamba daraja lilikuwa imara nilipolipima, kwamba lilikabidhiwa kihalali, na kwamba sharti la kulifungua liliondolewa baada ya makabidhiano. Sikuandika uongo, Ketura. Soma kila neno, hutapata uongo.

Ungetaka niseme nini? Kwamba niliruhusu umma upite kwa wiki nyingi juu ya kamba za watoto? Mlango ule nilioutafuta niliutafuta kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyeniambia nitafute. Diwani Mackline yumo kwenye kamati itakayothibitisha ajira yangu mwezi ujao, baada ya miaka yote hii ya mikataba, na Kiconco hana kazi, nyumba ya Rukoki haijapigwa lipu.

Mshauri mtoto akiri na aombe radhi. Bado ni mdogo, watamhurumia, na mambo yatasahaulika kabla hajaenda chuo.

Kaka yako akupendaye,
Ainebyona


Bwera, 30 Mei 2025

Ainebyona,

Tu hai.

Kesi imekwisha. Hakimu alimuuliza, "Ulilibomoa daraja?" Akajibu, "Nililifungua." Hakimu akasema ni yale yale, andika amekiri. Maelezo yako yalisomwa mahakamani kwa sauti. Mtahini wa skauti wa wilaya, mtaalamu, anasema daraja lilikuwa imara na sharti la kulifungua halikuwepo. Ankunda alikuwa anakiangalia kinywa cha yule karani muda wote. Mwanasheria wetu akafunga faili lake. Hakuna mtu mwingine aliyehitajika kusema kitu.

Amepewa adhabu ya kufagia uwanja wa halmashauri kila Jumatatu na Alhamisi, miezi mitatu, mbele ya wale waliokunywa soda siku ya uzinduzi. Kundi letu limesimamishwa mpaka tathmini. Nafasi yake ya chuo cha ualimu imewekwa kando, kwa sababu sasa ana kosa.

Umesema nisome kila neno na sitaona uongo. Nimesoma. Kweli hakuna. Hiyo ndiyo elimu yenu: kupanga maneno ya kweli mpaka mtu aliye nyuma yake asionekane. Mnawakusanya watoto, mnawavika skafu, mnawafundisha kuapa kwa heshima yao, na mtoto mmoja kati ya mia akiamini kiapo hicho mnashtuka kama mmeona nyoka chumbani. Hamkutaka mtoto wa kuamini. Mlitaka mtoto wa kupiga saluti diwani anapopita. Beji nyingi kwenye mkono wa shati zinapendeza kwenye picha. Beji moja iliyoingia ndani ya kichwa inawatia kiwewe.

Na sijitoi. Nilimfundisha asiruhusu mkono wa mtu mzima kugusa kazi yake, halafu nikaigusa mimi, kisha ukaigusa wewe, kisha Mackline kwa brashi yake. Aliiondoa mikono yetu mmoja mmoja, akabaki peke yake na pingu.

Sasa nikuambie jambo ambalo halitaandikwa popote. Wiki moja baada ya wao kumkamata, milima ilinyeshewa mchana kutwa, na kijito kikaja. Ilikuwa siku ya soko, saa ile wanawake wanarudi. Kilipita juu ya pale palipokuwa na sakafu ya daraja, kikachukua mawe, kikachukua kibao cha diwani. Hakuna aliyekuwa juu ya daraja kwa sababu hakukuwa na daraja la kuwa juu yake. Wanawake walisimama ng'ambo, wakalowa, wakalala kwa watu, na asubuhi wakavuka maji ya kiunoni wakimlaani mwanangu kwa jina. Tabisa alikuwa mbele. Hakufa mtu, kwa hiyo hakuna ushahidi. Kama angengoja wafe watatu au wanne, leo angekuwa shujaa, na wewe ungeandika maelezo mengine, nayo yangekuwa ya kweli vile vile.

Ketura


Kasese, 9 Julai 2025

Mdogo wangu, Ketura wangu,

Naandika mara ya tatu tangu mwezi uliopita. Muniru anasema barua anakupa mkononi. Mnaendeleaje? Shamba limeota? Baba Ankunda amepata likizo? Kiconco analia kila akilitaja jina la mtoto, na mimi mgongo umenilaza, ila hilo si kitu.

Ajira imethibitishwa. Nakuambia kabla hujasikia kwa mtu.

Sijalala vizuri tangu ulipoandika habari za mafuriko. Wiki iliyopita niliiandikia ofisi yetu, nikaeleza kila kitu: kwamba mtihani sikuufunga, kwamba kufungua ni kipengele, kwamba hakuna mtu aliyeniruhusu kukiondoa. Hawajanijibu. Mwanasheria niliyemuuliza hapa anasema kesi imeshaisha na aliyekiri amekiri.

Lakini kuna jambo moja lililo mkononi mwangu na nimelifanya. Nimetia sahihi. Alilijenga, likapimwa, akalifungua bila kukata kamba, akakunja, akapanga, akapaacha mahali kama alivyopakuta. Kama kuna skauti aliyetimiza beji hii katika wilaya nzima ni yeye. Kwa kuwa sasa ametimiza kumi na minane, nimeandika tarehe ile ile aliyofungua, tarehe tatu Mei, ili asinyimwe kwa ajili ya umri. Beji yenyewe imo ndani ya bahasha. Niliichagua mpya, nyuzi zake hazijavutika.

Mpe kwa mkono wako. Mwambie mjomba wake anamheshimu.

Kaka yako,
Ainebyona


Bwera, 20 Julai 2025

Kwa mtahini wa beji, Kasese

Hatujambo.

Beji ilifika Alhamisi, Ankunda akiwa anajitayarisha kwenda kufagia. Nilimpa kwa mkono wangu, maana nilitaka aipokee. Naam, nilitaka. Nafasi kwenye mkono wa shati bado ipo, na mimi ni mama.

Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye nyuzi, akasoma karatasi yako mpaka chini. Akauliza, "Tarehe tatu Mei mjomba alikuwa wapi?"

Nikasema, "Kasese."

"Basi hakupima."

Nikamwambia kwamba kila mtu aliona, kijiji kizima kilimwona. Akasema kijiji si mtahini. Akasema mtu hawezi kutiwa sahihi kwa kazi ambayo mtahini hakuiona, kwa tarehe ambayo mtahini hakuwepo, na kwamba hilo tulimfundisha sisi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alirudisha beji ndani ya bahasha, akachukua ufagio, akatoka, kwa sababu wakimwona amechelewa wanamwongezea siku.

Bahasha ni hii. Beji yako imo ndani.

Mama Ankunda